Bwana Kishindo na Barua ya Mwashi

Kila Jumatano, saa kumi alasiri, Bwana Kishindo aliketi kwenye kiti chake cha mbao sebuleni, akapanga penseli mbili mezani, akamwita mkewe aje amsomee. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza kila juma kwa miaka kumi na tisa. Mswada wa mchezo wa redio uliletwa ndani ya bahasha ya kaki. Mkewe aliutoa, akavaa miwani, akausoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, naye Kishindo akachora pembeni mwa karatasi alama za sauti ambazo angetakiwa kuzitengeneza studioni. Kwa sauti ya kuku alichora kuku. Maji yalikuwa mistari ya mawimbi. Mlango unaofunguliwa ulikuwa kisanduku chenye nukta, na mlango unaobamizwa ulikuwa kisanduku chenye msalaba. Nje ya nyumba ile hapakuwa na mtu aliyejua kwamba fundi wa sauti wa redio, aliyesimama mbele ya kipaza sauti ameshika karatasi kwa utulivu wa hakimu, hakuweza kusoma hata jina lake mwenyewe. Ndivyo alivyoamini.

Jumatano hiyo mkewe alifika ukurasa wa nne, akanyamaza.

"Endelea," alisema Kishindo.

"Ngoja nisafishe miwani."

Miwani ilikuwa safi. Aliisugua kwa pindo la kanga, upande huu na upande ule, akairudisha usoni, kisha akasoma: "Mzee anasikia kwamba karani wa ushirika amekuja na fomu za kutia saini. Anaingia chumbani. Sauti ya kitambaa kikichanwa. Mkewe anamfunga mkono wa kulia. Mzee anatoka na kumwambia karani: nimeumia, niandikie wewe."

Penseli ya Kishindo ilibaki hewani. Nyayo alizichora, mlango aliuchora, lakini kitambaa hakukichora. Kitambaa kile alikijua. Kila mwanzo wa mwaka, siku ya kutia saini mkataba wake, mkono wake wa kulia uliamka na jeraha: mwaka huu nyundo, mwaka ule msumari, mwaka mwingine patasi. Alikuwa seremala kabla ya kuwa fundi wa sauti, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Alitia dole gumba la kushoto penye wino, akapewa pole, akaenda zake. Na aliyechana kitambaa, akakizungusha mara tatu na kukifunga fundo dogo chini ya kiganja, alikuwa mtu mmoja tu ulimwenguni. Mtu huyo alikuwa ameketi mbele yake, ana miwani safi sana.

"Mbona huchori?" aliuliza mkewe.

"Nimeelewa," alisema Kishindo. "Endelea."

Usiku ule hakula vizuri, na asubuhi aliondoka mapema kuliko desturi yake, ili awaone wenzake wakiingia kazini mmoja mmoja.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitano nyuma ya ghala la mbegu. Studio ilikuwa chumba cha mwisho, chenye mablanketi ya kijivu ukutani na dirisha la kioo lililomtenga fundi mitambo na wachezaji. Kona moja ilikuwa ya Kishindo, na hapakuwa na aliyethubutu kuhamisha hata kijiko humo. Palikuwa na sanduku la mchanga na jingine la kokoto, la nyayo. Beseni la maji. Jozi nne za viatu, za mwanamume mnene, mwanamume mwembamba, mwanamke na mtoto. Na mlango mdogo uliosimama peke yake kwenye fremu yake, una bawaba mbili, moja imepakwa mafuta na nyingine imeachwa ilie. Mlango ndio uliomleta kituoni. Aliajiriwa siku tatu tu ili atengeneze mlango wa studio, lakini mtayarishaji wa zamani aliusikia ukilia, akamwomba aufungue polepole mbele ya kipaza sauti, kisha aufunge kwa hasira. Siku tatu zikawa miaka kumi na tisa, watu wakamwita Kishindo, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika.

Mchezo ulirushwa mara mbili kwa juma, ukawafikia watu wa vijiji vya mbali ambako redio moja ilizungukwa na kaya sita. Kila msimu ulikuwa na jambo lake. Msimu wa vyoo, watu walichimba vyoo. Msimu wa chanjo, akina mama walifika zahanati wakitaja maneno ya wahusika kana kwamba ni ya majirani zao. Msimu wa haki za wajane, shemeji mmoja aliandika kulalamika kwamba redio imemvunjia nyumba. Kishindo aliziamini kazi hizo, na alikuwa na sharti moja: sauti ya kweli hutolewa na kitu cha kweli. Kama mhusika anachota maji, yeye huchota maji. Msimu huu jambo lilikuwa kisomo cha watu wazima, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alitamani wangerudi kwenye vyoo.

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi mitambo, mtu wa makamo aliyevaa hedifoni shingoni hata akiwa anakunywa chai.

"Shikamoo, Mzee Kishindo. Leo umewahi. Umefukuzwa nyumbani?"

"Marahaba. Kwa nini nifukuzwe? Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee. Ni utani."

Kishindo aliuweka utani huo pembeni, autazame baadaye. Kisha akaingia mtunzi, mwanamke kijana aliyekuwa na misimu miwili tu hapo kituoni. Alimsalimia kwa adabu, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza na hali ya mama, yaani mkewe. Kwa nini mama? Zamani alikuwa akiuliza nyumbani tu. Hapo ndipo Kishindo alipokumbuka. Wiki tatu nyuma alisahau ufunguo wa kabati, mkewe akamletea. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, hakuna kuingia, kwa hiyo mkewe aliketi nje kwenye benchi karibu nusu saa. Mtunzi alikuwa kwenye benchi lilelile. Kupitia kioo Kishindo aliwaona wakizungumza, na aliona mtunzi akicheka hadi kushika mbavu. Siku ile alifurahi kwamba mkewe ni mtu wa watu.

Jioni hakuchelewa kulifikisha jambo hilo nyumbani, ila alilipitisha njia ndefu.

"Yule binti mtunzi anakusalimu."

"Nimepokea. Mtoto mzuri yule."

"Siku ile kwenye benchi mlicheka sana."

"Tulicheka."

"Mlicheka nini?"

Mkewe aliacha kukunja nguo, akamtazama. "Tulicheka koti lako. Nilimwambia una koti moja tangu mtoto wetu wa kwanza alipoota meno, na ukilivua linabaki limesimama."

"Koti tu?"

"Na kukoroma kwako. Aliuliza kama mtu wa sauti hukoroma kwa sauti gani."

"Na mkono?"

Nguo ilirudi kapuni. "Baba watoto," alisema mkewe polepole, "ningetaka kukuanika, ningekuanika miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya ndoa, uliposhika cheti juu chini mbele ya kaka zangu. Niligeuza karatasi mimi, kwa mkono wangu. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Lakini mtu anayejitetea vizuri mno naye hutia shaka, na Kishindo alilala akiwa ameupa kisogo ukuta ili aisikilize pumzi ya mkewe.

Kesho yake alimvizia mtunzi kwenye ujia, mahali ambapo hapakuwa na watu.

"Binti yangu, ile sehemu ya mkono kufungwa kitambaa. Umeitoa wapi?"

"Umeipenda, Mzee?"

"Nauliza imetoka wapi. Nijue sauti yake."

Mtunzi aliingia ofisini, akatoka na barua iliyokunjwa mara nne. "Kwa wasikilizaji. Tangu tutangaze kwamba msimu huu ni wa kisomo, barua za namna hii zimekuja tisa. Kuna wa kitambaa, kuna anayejidai haoni vizuri, kuna anayemwambia mjukuu asome ili aone kama anajua. Hii ndiyo ilinigusa zaidi. Ni ya mwashi mmoja. Isome mwenyewe, Mzee, utaelewa."

Akamnyooshea. Kishindo aliitazama karatasi ile, kisha akamtazama mtunzi machoni, akitafuta kama macho yanacheka. Hayakucheka. Hilo nalo halikumtuliza, kwani mtego mzuri hautegwi na mtu anayecheka. Siku nyingine angesema mkono unamuuma. Sasa hakuweza hata kujikuna kiganja, maana mkono wenye jeraha ulikwishaandikwa ukurasa wa nne na nchi nzima ingeusikia juma lijalo.

"Nitaisoma nyumbani kwa utulivu," alisema, akaitia mfukoni.

Njiani aliugundua ubaya wa hali yake. Barua ilikuwa shahidi, nayo ingeweza kumsafisha mkewe kabisa au kumtia hatiani. Lakini barua hiyo ingesomwa na nani? Na mshitakiwa mwenyewe. Katika miaka yote hiyo kila kilichoandikwa kilimfikia kupitia kinywa kimoja. Barua za watoto, hati ya kiwanja, cheti cha hospitali, miswada yote ya misimu kumi na tisa. Alikuwa ameamini kila neno, na sasa, akiwa katikati ya barabara, alijiuliza kwa nini.

Alimpa mkewe barua bila maelezo. Mkewe akaketi, akasoma.

"Kwa watunzi wa mchezo. Mimi ni mwashi. Anayeandika ni binti yangu. Nimejenga nyumba arobaini na mbili na siwezi kuandika namba ya hata nyumba moja. Fomu zikija hujifunga kitambaa mkono wa kulia, nasema nimeangukiwa na tofali. Mke wangu ndiye anayenifunga. Tunaomba mliweke jambo hili kwenye mchezo, msitaje kijiji chetu."

"Basi?"

"Basi. Kuna salamu."

Lakini Kishindo hakuwa mtu wa kusikiliza maneno tu. Kazi yake ilikuwa yale yaliyo katikati ya maneno. Baada ya "ndiye anayenifunga", mkewe alivuta pumzi ya mtu anayeanza sentensi, na sentensi haikuja. Macho yalishuka mstari mmoja bila kinywa.

"Hebu irudie," alisema. "Nataka kuishika."

Akairudia, neno kwa neno. Na palepale, baada ya "ndiye anayenifunga", pumzi ile ikavutwa tena, ikaachwa itoke bure.

Kishindo alishukuru, akaichukua barua, akaitia kwenye mfuko wa koti. Sasa alikuwa na hakika. Ndani ya karatasi ile palikuwa na kitu ambacho mkewe hakutaka akisikie, na kitu gani kingine kingekuwa hicho kama si jina lake?

Jumatano iliyofuata, siku ya kurekodi onyesho la mwisho la kipindi hicho, alisimama kwenye kona yake, barua ikiwa imemkaa kifuani. Wachezaji walimaliza maneno yao, wakaondoka. Ikabaki sauti moja. Mtunzi aliieleza kupitia kipaza sauti cha upande wa pili wa kioo, kwani sehemu hiyo ilikuwa imeongezwa asubuhi hiyo, siku nyingi baada ya Kishindo kusomewa mswada na mkewe: mzee wa mchezoni amefika darasani, amepewa kalamu, anaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Hakuna maneno. Ni kalamu tu juu ya karatasi.

Imeongezwa asubuhi. Kishindo alilisikia jambo hilo vizuri sana.

Alichukua kalamu, akaipitisha juu ya karatasi, huku na huku, kwa mkono mwepesi. Fundi mitambo alikunja uso.

"Mzee, hiyo si jina. Hiyo ni kuku anaparua."

Akajaribu tena, polepole.

"Bado. Kalamu haipumziki. Mtu akiandika huinua mkono, anashusha, anarudi kuweka nukta. Hapo naona, sorry, nasikia mtu anapaka rangi ukuta."

Jaribio la tatu halikuwa bora. Fundi mitambo alivua hedifoni. Kwa miaka mingi hakuwahi kumrudisha Kishindo zaidi ya mara moja. Mtunzi akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mkono unakuuma? Fundi anaweza kuandika, wewe ushike kipaza tu."

Kishindo aliiweka kalamu chini. Njia ilikuwa imefunguliwa, pana na yenye kivuli. Angesema ndiyo, unauma, fundi angeandika, mkataba ungekuja mwakani na dole gumba la kushoto lingefanya kazi yake. Lakini alilipima swali lile na hakuweza kujua limetengenezwa kwa kitu gani. Lilikuwa huruma, au lilikuwa kejeli iliyopakwa mafuta? Na jioni angerudi kwa mwanamke anayeruka sentensi. Siri ingebaki salama, na mashaka yangekaa nayo chumba kimoja mpaka siku ya kufa. Alimtazama fundi mitambo. Huyu hakuwahi kuketi na mkewe kwenye benchi lolote.

Akatoka kwenye kona yake, akafungua mlango wa kioo, akaweka barua mbele ya fundi.

"Nisomee hii. Yote. Usiruke kitu."

"Si unaweza..." alianza mtunzi.

"Siwezi," alisema Kishindo. "Sijui kusoma. Sijawahi kujua. Soma, fundi."

Fundi mitambo alisoma. Mwashi, binti, nyumba arobaini na mbili, kitambaa, tofali. Yote yalikuwa vilevile kama alivyosomewa nyumbani, mpaka mahali penye ile pumzi.

"Mke wangu ndiye anayenifunga. Hapa mwandiko umebadilika kidogo: Mimi binti naongeza, baba hajui nimeandika. Mama amechoka kuwa macho ya watu wawili, lakini hasemi. Kisha inaendelea: Tunaomba mliweke jambo hili..."

"Rudia hapo," alisema Kishindo.

Fundi akarudia. Halikuwamo jina lake, wala koti lake, wala kukoroma kwake.

"Basi nimejiumbua mwenyewe," alisema hatimaye. "Mkataba wangu mtauchana lini?"

Fundi mitambo alijikuna shingo. "Mzee, mimi nimekaa hapa miaka tisa. Karatasi zako huwa nazifagia mimi. Zina kuku, zina visanduku. Kuna moja ilikuwa na mbuzi mzuri mpaka nikaipeleka nyumbani. Ulidhani nilifikiri ni nini?"

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Milango ilikuwa inafunguka kwa wakati. Nilitaka nini zaidi?"

"Na wewe?" Kishindo alimgeukia mtunzi.

"Mimi nimejua sasa hivi, Mzee," alisema mtunzi, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sehemu ya jina niliiongeza kwa sababu mchezo haukuwa na mwisho. Naapa."

Kishindo hakuamua kama aamini kiapo hicho. Lakini muda wa studio ulikuwa unakwisha, na kazi ni kazi. Fundi mitambo alimuuliza jina alilopewa na wazazi wake, akaliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kwenye kipande cha boksi. Kishindo akalisimamisha boksi mbele yake, akashika kalamu karibu kabisa na ncha, akaanza. Ilichukua dakika mbili na nusu. Ilikwaruza, ikasimama, ikakwama, ikainuka, ikatafuta mahali pa kushuka. Alipomaliza, jasho lilikuwa limelowesha kola.

"Hapo," alisema fundi mitambo. Hakuomba irudiwe.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mkewe alikuwa ameketi mezani, bahasha mpya ya kaki mbele yake, miwani usoni. Kishindo hakuketi.

"Fundi mitambo amenisomea barua."

Mkewe alielewa mara moja. Alivua miwani, akaiweka juu ya bahasha. "Kwa hiyo umewaambia."

"Nimewaambia."

"Ili unipime mimi."

"Ulivuta pumzi," alisema Kishindo. "Mara mbili, palepale. Nilisikia."

"Masikio yako yatakuua siku moja."

"Kwa nini uliruka?"

"Kwa sababu ulikuwa unanitazama kama karani wa mahakama. Ningeisoma sentensi ile kwa sauti yangu, ungesema nimeitunga mimi."

Kishindo alilipima jibu hilo. Angesema hivyo hivyo. Hakuna uwezekano kwamba asingesema.

"Umechoka?" aliuliza.

"Miaka thelathini na moja, unaniuliza leo."

"Nauliza leo."

Mkewe alirudisha miwani usoni, akafungua bahasha kwa kisu kidogo, akaupanga mswada. Kishindo akavuta kiti chake cha mbao, akaketi mahali pake pa siku zote, ng'ambo ya meza.

"Si huko," alisema mkewe. "Njoo upande huu."

Akahamisha kiti. Karatasi ilikuwa mbele yao wote wawili, mistari mieusi iliyobanana, wala hakuna kuku hata mmoja.

"Sasa sikiliza vizuri, wewe mwenye masikio. Nitasoma kwa kidole. Kila ukurasa nitaruka neno moja. Sitakuambia lipi, wala sitavuta pumzi."

"Nitajuaje?"

"Utajua mwenyewe. Si wewe hodari wa kunishuku?"

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Bwana Kishindo aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi, akakikazia macho kidole kile kwa mashaka makubwa, akisubiri kiruke neno, nacho kione aibu.